Sirizi ya langalanga ya Netflix: si skripti, lakini pia si kila kitu kilitokea hivo

Kila tukikaa watu tukaanza kuongelea langalanga, haziishi dakika tano mmoja lazima aseme "ah ile ya Netflix, yote maigizo yale", na mwingine upande wa pili anaapa kwamba dereva fulani na fulani wanachukiana mpaka kesho kwa sababu yeye kaona kwenye sirizi. Mi nikiwasikiliza naona wote wawili wamekosea, ila kila mtu kakosea kwa upande wake.

Naongelea Formula 1: Drive to Survive, ile iliyoanza Machi 2019 ikionyesha msimu wa 2018, na tangu hapo kila mwaka kabla mbio mpya hazijaanza inatoka nyingine ya kuelezea mwaka uliopita. Mi mwenyewe niliingia langalanga kupitia hiyohiyo, afu nikaanza kufuatilia mbio zenyewe Jumapili baada ya Jumapili, nikarudi kuiangalia sirizi tangu mwanzo nikiwa tayari najua nani alimaliza wa ngapi na kwa nini, na hapo ndo mambo mengi yakanikaa sawa. Naipenda bado, sana tu, na kwa sababu naipenda inaniuma mtu akiichukua vibaya, iwe kwa kuiamini yote au kwa kuitupa yote.

"Yote ni skripti, mpaka mshindi wanampanga"

Hii nakutana nayo kila mahali na ndo rahisi kuiondoa. Mbio zinarushwa mubashara, dunia nzima imeshaona nani kashinda na nani kagonga ukuta miezi kibao kabla sirizi haijatoka, sasa huyo mwandishi wa skripti anaandika nini? Kampuni inayoitengeneza, Box to Box Films, haina mkono kwenye mbio, wao wanasimama na kamera gereji na kwenye ofisi za timu wanasubiri litakalotokea.

Angalia Ujerumani 2019. Msimu wa kwanza wa sirizi Mercedes na Ferrari walikataa kabisa kushiriki, mwaka uliofuata Mercedes wakakubali kuwafungulia mlango kwa wikiendi moja, na wikiendi yenyewe ni ya Hockenheim, nyumbani kwao Ujerumani, wanasherehekea miaka 125 ya kampuni kwenye mbio za magari, tena ikiwa mbio yao ya 200 kwenye Formula 1. Gari limepakwa rangi maalum ya kumbukumbu, watu wa timu wamevaa nguo za kizamani, dereva wao Hamilton anaanza wa kwanza kwenye mstari. Kama ungekuwa na kalamu ya kuandika mwisho wa siku hiyo ungeandika nini, si ushindi mkubwa na keki? Ikanyesha mvua. Hamilton akateleza akagonga ukuta akavunja bawa la mbele, akakata kuingia piti (pale gari linapobadilishiwa matairi) kwa njia isiyoruhusiwa akapewa adhabu, mafundi hawakumtegemea muda ule kwa hiyo matairi hayakuwa tayari, wakawa wanakimbizana huku gari limesimama pale karibu sekunde 50 wakati siku ya kawaida ni sekunde mbili tatu hivi, afu mwishoni mwenzake wa timu Bottas naye akagonga. Hamilton alivuka mstari wa 11, akapanda mpaka wa 9 baada ya magari yote mawili ya Alfa Romeo kuongezewa sekunde za adhabu. Verstappen wa Red Bull akashinda, na Vettel wa Ferrari aliyeanza wa mwisho kabisa akamaliza wa pili. Kamera zilikuwepo kwenye aibu yote ile na tukaiona.

Na kama wangekuwa na uwezo wa kupanga, 2023 isingekuwa vile ilivyokuwa, maana mwaka ule Red Bull walishinda mbio 21 kati ya 22 na Verstappen peke yake akachukua 19, ile moja iliyobaki akaichukua Sainz wa Ferrari kule Singapore. Mtu anayetunga hadithi hawezi kujipa mwaka kama huo, utaona hata sirizi yenyewe mwaka ule ilibidi ikatafute stori kwa timu za katikati na za mkiani.

"Nimeona kwa macho yangu, basi ilitokea hivohivo"

Hapa sasa ndo penyewe, na hapa wale wanaosema maigizo wana hoja kidogo. Matokeo hayabadilishwi, ila kinachounganisha tukio na tukio, yaani nani alimkasirikia nani, saa ngapi, akasema nini baada ya nini, hicho kinajengwa kwenye chumba cha kuediti. Mahojiano yale ya kukaa kwenye kiti yanarekodiwa siku nyingine kabisa, sentensi ya kwenye redio ya gari inaweza kutolewa mzunguko mmoja ikabandikwa kwenye mzunguko mwingine, uso wa mtu aliyekuwa amekaa kimya tu anasubiri kuulizwa swali unawekwa baada ya habari mbaya ukaonekana uso wa mtu aliyeumia. Sauti za injini na matairi zinaongezewa nguvu, na maneno ya mtangazaji unayoyasikia mara nyingine siyo yale yaliyotangazwa siku ya mbio. Ukiwa mgeni huwezi kujua. Ukiwa umeiangalia mbio yenyewe unajua mara moja, manake unasikia dereva analalamika matairi yamechoka na wewe unakumbuka ndo kwanza ametoka kuyabadilisha.

Mfano mkubwa ni madereva Norris na Sainz. Msimu wa 2020 walikuwa wote McLaren na ukiangalia sirizi utafikiri walikuwa wanakula sahani tofauti, kumbe walikuwa marafiki, wanataniana mbele ya kila mtu, na kuondoka kwa Sainz kwenda Ferrari kulitangazwa Mei kabla hata msimu haujaanza kwa hiyo hamna aliyemfukuza mwenzie. Timu ilimaliza ya tatu mwaka ule kwa sababu walikuwa wanavuta kamba pamoja. Baadaye Norris alilalamika pia kuhusu sehemu nyingine iliyomwonyesha yeye na dereva Ricciardo wako bega kwa bega kwenye mbio mahali ambapo wao hawakuwa pamoja kabisa. Hiyo kwangu ni mbaya kuliko kuongeza kelele za injini, kwa sababu kelele ya injini haimharibii mtu jina, lakini mtoto mdogo anayeanza kupenda mchezo huu anaondoka anaamini Sainz ni mtu wa roho mbaya, na Sainz hana pa kwenda kujitetea.

Na Verstappen hakusubiri yamkute mengi, Oktoba 2021 akasema wazi kwamba walitengeneza uhasama ambao haukuwepo na yeye haongei nao tena. Watu wakadhani basi hatutamwona. Dhana nyingine hiyo. Picha za mbio ni mali ya Formula 1 wenyewe, mikutano ya waandishi ipo, kamera za kwenye magari zipo, kwa hiyo dereva anaweza kukataa kiti cha mahojiano lakini hawezi kukataa kuonekana, na huo ndo ulikuwa mwaka aliochukua ubingwa wake wa kwanza, ule wa kuamuliwa mzunguko wa mwisho kabisa Abu Dhabi tarehe 12 Desemba, yeye na Hamilton wakiwa wameingia kwenye mbio hiyo na pointi 369.5 kila mmoja. Stori ikasimuliwa bila yeye kukaa kwenye kiti. Mi naona ilipungukiwa kwa hilo, tuliusikia upande wa Red Bull kwa mdomo wa bosi wake Horner zaidi kuliko kwa aliyekuwa anaendesha. Baadaye walielewana akarudi.

"Yule bosi wa Haas ni wa matusi tu"

Guenther Steiner. Nadhani hamna mtu aliyepata umaarufu na sirizi hii kama yeye, na umaarufu wenyewe ulianza kwa sababu ya nafasi tu, Mercedes na Ferrari walikataa msimu wa kwanza kwa hiyo kamera zikaenda kwa waliokubali, na kati ya waliokubali kulikuwa na hii timu ndogo ya Wamarekani yenye bosi anayeongea kila kinachomjia kichwani. Wengi wanamkumbuka kwa maneno makali, wanamchukulia kama mchekeshaji. Lakini yule ni mtu wa ufundi aliyepitia mbio za rali, akafanya kazi Jaguar na Red Bull, afu ndo akamshawishi Gene Haas aanzishe timu ya Formula 1, na timu ikaingia 2016 ikachukua pointi kwenye mbio yake ya kwanza kabisa Australia, dereva wao Grosjean wa 6. Timu mpya kabisa! Walikuwa wananunua kwa Ferrari kila kipande ambacho sheria inaruhusu kununua na chasisi wanatengenezewa na Dallara, na wakubwa wengi hawakuufurahia mpango huo, ila ulikuwa ndani ya sheria.

Ile hasira ya Australia 2018 inayochekesha watu, ngoja niieleze maana kuna hesabu ndani yake. Magnussen alikuwa wa 4 na Grosjean wa 5, magari mawili ya Haas mbele ya timu zenye hela mara kadhaa zaidi yao, wakaja piti mmoja baada ya mwingine, na kwa wote wawili nati ya gurudumu ikafungwa vibaya, magari yakasimama barabarani ndani ya mizunguko miwili tu ya kupishana. Nafasi ya 4 ni pointi 12, ya 5 ni 10, jumla 22 zimeyeyuka kwa sababu ya nati. Mwaka ule Haas walimaliza wa 5 kwa pointi 93, mwisho mzuri kuliko wote waliowahi kupata, na Renault waliokuwa wa 4 walikuwa na 122. Kwa hiyo hata zile 22 zisingetosha kuwapita, lakini ungekuwa wewe umekaa pale Machi, ndo mbio ya kwanza ya mwaka, utajuaje? Na kitu ninachokipenda kuliko matusi yote ni kwamba Grosjean, aliyepoteza mbio yake, alirudi gereji akaenda kumfariji fundi aliyekuwa amevunjika moyo.

Steiner aliachana na timu Januari 2024 baada ya kumaliza wa mwisho 2023, akaingia Ayao Komatsu ambaye ni injinia, mtaratibu, hana maneno mengi, na mwaka huohuo wakapanda mpaka wa 7. Nasikia watu wanasema timu imepoteza ladha. Ladha ya sirizi labda, kwenye msimamo wameongezeka.

"Mabosi wakigombana mbele ya kamera wanaigiza"

Wanasema hivi hasa kuhusu kile kikao cha Montreal 2022, Toto Wolff wa Mercedes anafoka, Horner anamjibu, Binotto wa Ferrari yupo, kamera ipo chumbani. Mi sikatai kwamba mtu akijua anarekodiwa anaongeza sauti, binadamu ndo tulivyo. Lakini shida waliyokuwa wanagombania ilikuwa ya kweli na inapimika. Magari mapya ya 2022 yalitengenezwa yavutwe chini na hewa inayopita chini ya sakafu, na baadhi yakawa yanadundadunda kwenye mistari mirefu ya kasi, Mercedes wakiwa kati ya walioathirika zaidi, na kule Baku wiki moja kabla Hamilton alishuka kwenye gari ameshika mgongo anatoka kwa shida. FIA, shirikisho linalosimamia mchezo, likatoa agizo la kiufundi kabla tu ya mbio ya Canada, na kuanzia mbio ya Ubelgiji mwaka huohuo likaanza kutumia kipimo cha mdundo ambacho gari halitakiwi kukizidi.

Sasa kwa nini Horner alipinga? Kwa sababu gari lake halikuwa na shida hiyo kiasi kile, na ukibadilisha sheria katikati ya msimu kumsaidia aliyekosea kuchora gari unamwadhibu aliyepatia. Na Wolff naye ana mgongo wa dereva wake wa kuulinda pamoja na maslahi yake. Wote wawili walikuwa na hoja. Sirizi ilituonyesha ugomvi ikapita haraka kwenye sababu, na hapo ndo mtazamaji anaondoka na "wanaigiza", kwa sababu ugomvi usioelezewa chanzo siku zote unaonekana wa kuigiza.

"Dereva kakaa tu, gari ndo linafanya kazi"

Hii inanikera kuliko zote, sitaficha.

Kwenye kona za kasi na kwenye breki mwili wa dereva unavutwa kwa nguvu ya mara tano ya uzito wake, yaani kichwa pamoja na helmeti ambavyo ni kama kilo 7 hivi shingo inavibeba kama kilo 35, na siyo mara moja, ni kila kona, kila mzunguko, saa moja na nusu. Usukani mkononi una vitufe na swichi kibao za kubadilisha wakati unaendesha. Qatar Oktoba 2023, mizunguko 57 ya usiku, joto na unyevu, Ocon alitapika ndani ya helmeti yake mapema tu na akaendelea mpaka akamaliza wa 7, Sargeant alishindwa akaingia piti akaacha, Albon alipelekwa kwa madaktari baada ya mbio, Stroll alishuka anayumba. Wale ni watu ambao kazi yao kila siku ni kufanya mazoezi. Ndo maana kuanzia 2025 sheria inasema hali ya joto ikitabiriwa kuzidi nyuzi 31 kila gari liwe na mfumo wa kumpoza dereva, ile fulana yenye mirija ya kupitisha kimiminika cha baridi mwilini.

Na kuna moto wa Grosjean. Nimesikia mtu anasema kwamba ile ajali sirizi iliikuza. Hapana, ile hakuna mhariri angeweza kuikuza. Bahrain, 29 Novemba 2020, mzunguko wa kwanza, gari lake likagusana na la dereva mwingine, Kvyat, likakata kulia moja kwa moja kwenye kizuizi cha chuma kwa kasi ya kilomita 192 kwa saa, mgongano wa nguvu mara 67 ya uvutano wa dunia, gari likakatika vipande viwili, nyuma ikabaki upande mmoja na mbele na dereva ndani yake ikapenya katikati ya vyuma, na mafuta yakawaka. Alikaa mle zaidi ya sekunde 25. Hesabu taratibu, moja, mbili, tatu, mpaka ishirini na tano, huku unafikiria moto. Alijaribu kutoka akashindwa, mguu umenasa, akavuta mpaka kiatu kikabaki ndani, akapanda mwenyewe juu ya kizuizi na daktari wa gari la huduma ambalo huwa linafuata magari mzunguko wa kwanza akampokea. Akaungua mikono.

Lililomwokoa kichwa chake ni halo, ule upinde wa titani unaozunguka juu ya dereva, ambao ulikuwa lazima kuanzia 2018. Chuma cha kizuizi kingepita pale kichwa kilipo. Na Grosjean mwenyewe alikuwa mmoja wa madereva walioipinga halo kabla haijaletwa, akaja kusema wazi kitandani hospitali kwamba bila hiyo asingekuwepo. Hakuendesha tena mbio ya Formula 1 baada ya hapo. Mimi nikiangalia ile episodi naona kwa mara moja sirizi ilipunguza kuliko kuongeza, ilikaa kimya, ikawaacha watu wa gereji wanaangalia televisheni wameshika vichwa na hamna anayejua yuko hai au vipi, na mke wake akaeleza alivyokuwa nyumbani akiangalia na watoto. Hapo hapakuhitajika muziki.

"Netflix ndo imeiokoa langalanga"

Imesaidia, sana, hasa Marekani, anayekataa hilo anabishana bure. Ila ukiangalia tarehe utaona mambo yalishaanza. Kampuni ya Kimarekani Liberty Media walimaliza kuinunua Formula 1 Januari 2017 na kati ya vitu vya mwanzo walivyofanya ni kuwaruhusu timu na madereva waweke video zao mitandaoni, kitu ambacho enzi za bosi wa zamani Ecclestone kilibanwa mno. ESPN wakaanza kuonyesha mbio Marekani 2018, kabla sirizi haijatoka, wastani wa watazamaji kama 550,000 kwa mbio. Sirizi ikaja 2019. 2020 watu wote wakafungiwa ndani na janga wakawa na muda wa kumaliza misimu miwili kwa wiki. 2021 Hamilton na Verstappen wakapigana mwaka mzima, wastani ukapita 900,000. 2022 ikaja Miami, wastani wa mwaka ukafika kama milioni 1.2.

Alafu 2023, sirizi bado ipo, umaarufu ule ule, Las Vegas imeongezwa Marekani ikawa na mbio tatu, na wastani ukashuka kidogo mpaka kama milioni 1.1. Kwa nini? Kwa sababu ndo mwaka wa Red Bull kushinda 21 kati ya 22. Kwa hiyo sirizi inakuleta mlangoni, ila ukishaingia ndani, mbio zenyewe ndo zinakubakiza au zinakutoa. Watayarishaji haohao walipeleka mtindo huohuo kwenye tenisi, ile ikafutwa baada ya misimu miwili, na tenisi haikukosa wachezaji wazuri wala drama. Langalanga ilikuwa na kitu cha ziada, watu wanashindana huku wanafanya kazi chumba kimoja, dereva mwenzako wa timu ndo mpinzani wako wa kwanza kwa sababu ndo pekee mwenye gari kama lako.

"Aliyeshushwa timu ni mbovu" (na "alibahatisha tu")

Hizi mbili naziweka pamoja kwa sababu zote zilimpiga mtu mmoja, Pierre Gasly.

2019 alipandishwa Red Bull kuwa mwenza wa Verstappen, na baada ya mbio 12 Verstappen alikuwa na pointi 181, yeye 63, na kuna mbio Verstappen alimzidi mzunguko mzima. Agosti wakamrudisha Toro Rosso, timu ndogo ya Red Bull, nafasi yake akapewa Albon. Sirizi ilionyesha hilo vizuri, unamwona kijana anavyokauka. Anayeangalia anasema basi, hajui. Ila gari la Red Bull kipindi kile lilikuwa linaenda na mkono wa Verstappen, sehemu ya mbele kali, nyuma inacheza, na Albon aliyemrithi naye akapata shida ileile, akatolewa mwisho wa 2020, tena Albon ambaye baadaye tukamwona timu ya Williams ni dereva mzuri tu. Wawili wakishindwa kiti kimoja inabidi uangalie na kiti.

Mbio ya kwanza ya Gasly baada ya kushushwa ilikuwa Spa, Ubelgiji. Jumamosi ya wikiendi hiyo, 31 Agosti, rafiki yake Anthoine Hubert waliyekua naye kwenye mbio tangu wadogo alikufa kwenye ajali ya Formula 2, daraja la chini ya Formula 1, kwenye sakiti hiyohiyo. Na Jumapili Gasly akapanda gari akaendesha, akamaliza wa 9. Novemba Brazil akamaliza wa pili.

Afu Monza, Italia, Septemba 2020. Watu wanasema alibahatisha, ngoja tuangalie hiyo bahati. Aliingia piti kubadilisha matairi muda mfupi kabla gari la Magnussen halijasimama karibu na njia ya piti, gari la usalama, lile la kupunguza kasi ya wote, likatoka na piti ikafungwa, Hamilton aliyekuwa anaongoza akaingia wakati imefungwa akapewa adhabu ya kusimama sekunde 10. Hiyo ni bahati, sawa, naikubali. Mbio zikasimamishwa baada ya Leclerc kugonga, zikaanza tena watu wakiwa wamesimama kwenye mstari, Gasly wa tatu nyuma ya Hamilton na Stroll. Hapa bahati ikaisha. Alimpita Stroll pale pale kwenye kuondoka, Hamilton akaenda kutumikia adhabu, na kuanzia hapo ni Gasly peke yake mbele na Sainz nyuma anakuja na gari la kasi zaidi, kila mzunguko umbali unapungua, na Monza ni mistari mirefu ambako anayekufuata anavutwa na upepo wako. Matairi yanaisha, vioo vimejaa gari la Sainz, kosa moja la breki limekwisha. Hakukosea. Alivuka mbele kwa sekunde 0.4. Mfaransa wa kwanza kushinda tangu Olivier Panis Monaco 1996, kwenye gari la timu ileile aliyorudishwa.

Mashabiki hawakuwepo sababu ya janga, majukwaa matupu. Wenzake walishashuka, yeye akabaki amekaa kwenye ngazi ya juu ya jukwaa la washindi peke yake na kombe lake, karatasi za rangi zimezagaa chini, anaangalia tu mbele, na kamera iliyopiga ile picha ilikuwa ya siku ya mbio, mubashara.